Kijimji cha Makombe

Ieleweke tangu mwanzo kwamba katika jambo hili hakuna aliyekusudia kuvunja heshima ya serikali. Heshima ilivunjika yenyewe, mchana kweupe, mbele ya wageni waliokuwa wakinywa soda, na chanzo chake kilikuwa mkaa. Lakini kabla ya mkaa kulikuwa na ramani, na kabla ya ramani kulikuwa na tope.

Tope lilikuwa la Chumbageni, Tanga, katika kichochoro kinachopita nyuma ya mti wa mkungu wa jirani Sele. Ukishaupita mkungu ndipo unapoiona nyumba ya Miraji. Bwana Ernesti, afisa wa mipango, hakuwahi kuupita. Alikuwa amevaa viatu vyeupe, na mwaka huo wa themanini na saba, ingawa vitu vilikuwa vimeanza kurudi madukani, viatu vyeupe vilikuwa bado si mchezo. Alifika barazani kwa Sele, akalitazama tope, tope likamtazama, akaamua kuketi.

"Niitieni huyo fundi wa vijiji," alisema.

Miraji akaja, kofia mkononi. Tangu kiwanda cha kamba kimpunguze kazini, alikuwa akitengeneza vijiji vya kuweka mezani. Miti yake ilikuwa vipande vya dodoki vilivyochovywa kwenye maji ya mchicha, barabara zake mkaa uliotwangwa, mawe yake matumbawe, majani yake mwani mkavu. Walimu walivinunua kwa masomo ya jiografia. Kijiji chake cha Mwera, chenye minazi ya singa za mkonge, kilimfanya mkuu mmoja wa shule atoe machozi, ingawa wengine walisema alikuwa na mafua.

"Marahaba, fundi," alisema Ernesti, ingawa Miraji ndiye aliyekuwa mkubwa wake kwa miaka mingi na hakuwa amempa shikamoo yoyote. "Tunajenga maduka mapya. Soko huria, unalisikia? Kuna mgeni anatoka Dar, Bwana Tadeo, ndiye atakayepitisha mpango. Nataka aone mtaa mzima juu ya meza. Plaiwudi ipo. Gundi haipo, rangi haipo, karatasi ngumu haipo."

"Mimi sihitaji hivyo, bwana. Bahari ipo."

"Basi ukifanya vizuri, nitakuingiza ofisini uwe fundi wetu wa kudumu." Akamkabidhi bomba la ramani kwa ncha za vidole, kama mtu anayemlisha punda.

*

Ramani ilitandazwa sakafuni, ikashikiliwa pembe zake kwa kinu, mchi, taa ya chemni na goti la Tuhfa. Tuhfa alikuwa binti yao wa kidato cha tatu, aliyerudi nyumbani kabla ya likizo kwa sababu maharage ya shule yake ya bweni yalimaliza muhula kabla ya wanafunzi. Alikuwa msichana mwenye adabu nyingi sana mbele ya watu, jambo ambalo lingepaswa kumtia wasiwasi kila aliyemjua.

"Msikiti huu hapa," alisema Miraji, kidole kikitambaa. "Kisima. Baraza ya Sele. Mkungu. Na nyuma ya mkungu..."

Kidole kikasimama. Nyuma ya mkungu palikuwa na mstatili mweupe uliochorwa mistari ya mshazari. Tuhfa akainama akasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio: "Maegesho ya magari."

Bi Asmahani, mama wa nyumba, alikuwa akikuna nazi mlangoni. Mbuzi ya kukunia ilinyamaza.

"Rudia."

"Maegesho, mama. Maana yake hapa ulipokaa litakaa lori."

"Mimi hapa nimezalia," alisema Bi Asmahani. "Huyo lori kazaa nini?"

Asubuhi iliyofuata Miraji alikwenda ofisini. Alikalishwa kwenye benchi la korido mpaka wafanyakazi wakatoka kula, wakarudi, wakimkuta na kumsalimu upya kila walipopita, kisha wakaacha kumsalimu. Alipoingia, Ernesti hakuinua kichwa.

"Bwana, hapa penye maegesho ni kwangu."

"Kwenye ramani si kwako, fundi. Hapo ni patupu. Nimepaona mwenyewe."

"Kutokea barazani, bwana. Mkungu unaziba."

Ernesti akatazama ramani, akatazama dirisha, na kwa muda mfupi mno ilionekana kama ukweli utapita mlangoni na kupewa kiti. "Mgeni anakuja Alhamisi," alisema mwishowe. "Ramani nzima ichorwe upya? Kwa ajili ya kibanda kimoja? Maliza kazi. Nitakuangalizia kiwanja Mabawa."

"Lini?"

"Kikipatikana."

Miraji akasema ndiyo bwana. Alikuwa ameisema mara nyingi kiwandani, na ulimi wake uliijua njia.

*

"Ndiyo bwana!" Bi Asmahani aliwaambia kuku, kwa kuwa mumewe alikuwa hazungumziki. "Kaambiwa achimbe kaburi la nyumba yake, kasema ndiyo bwana, nichimbe refu kiasi gani?"

"Mama Tuhfa, nikikataa kazi watampa mwingine, na mimi kiwanja sitapewa."

"Kwa hiyo tushukuru."

"Sikusema tushukuru."

"Wewe endelea, baba. Mimi kwenye kijimji chako sitii hata mate."

Na kweli hakutia. Alipita pembeni ya ile plaiwudi kama mtu anayepita pembeni ya mgonjwa wa kuambukiza. Alifua, akaanika, na katikati ya kamba akaanika kisutu chake cha harusi, chekundu, cheusi na cheupe, kanga ambayo haikuguswa na mkono wenye mafuta tangu aolewe. Kanga zilikuwa zimeadimika miaka mingi. Kisutu kile kilikuwa kimepitia ndoa, uzazi, foleni za sukari na mafuriko mawili bila kupoteza hata uzi, na Tuhfa aliwahi kuchapwa kwa mwiko kwa kukifutia jasho.

Kijimji kikakua. Kuta zilikuwa za udongo wa kichuguu, ambao ukikauka haupasuki. Msikiti ulipata mnara wa mfupa wa ngisi. Mkungu wa Sele ulisukwa kwa vijiti vya mkarafuu, ukapanuka tabaka juu ya tabaka kama wenyewe, na Sele alipokuja kuuona aliuzunguka, kisha akauliza kama mbuzi wake naye atakuwemo.

"Mbuzi hayumo kwenye ramani," alisema Miraji.

"Na wewe humo," alisema Sele, akaondoka haraka maana aliona amekosea.

Jioni ile Miraji alipofunua plaiwudi alikuta kwenye maegesho nyumba ndogo ya udongo, ukubwa wa kiberiti, paa lake la gome la mkoko lenye rangi ileile ya bati lililoshika kutu.

"Tuhfa!"

"Abee, baba."

"Nini hiki?"

"Lori, baba. Limeegeshwa."

Miraji akaing'oa. Lakini hakuitupa. Aliiweka rafuni, na walipokuwa wakila akawa anaigeukia. "Mlango umeukosea," alisema hatimaye, mdomo umejaa. "Wetu unafunguka nje." Baada ya chakula akachukua wembe akaurekebisha, akairudisha rafuni, akakataza kwa ukali mkubwa isirudi kwenye kijimji.

Kesho yake ilirudi. Akaing'oa, na alipokuwa ameishika akaona haina ua wa choo, akaisukia ua wa makuti. Siku iliyofuata ikarudi tena, na safari hii akaipa kibaraza. Kwa namna hiyo nyumba iliyopigwa marufuku ilikuwa inakamilika kuliko jengo lolote lililoruhusiwa.

*

Sasa mkaa.

Ernesti alitaka maduka mapya yaonekane ya kisasa, meupe, yanayolingana. Udongo ulikuwa mwekundu na chokaa haikupatikana. Miraji akaamua: makombe. Konokono wa pwani, weupe, mviringo, safu nzima upande wa barabara. Tuhfa akatumwa ufukweni maji yalipotoka. Makombe matupu yalikuwa machache na yenye kuvunjika. Mazuri, manene, yanayong'aa, yalikuwa yakitembea, kwa sababu ndani yake walikuwa wamehamia kaa, wale kaa wadogo wasio na nyumba zao, wanaoishi kwenye makombe ya wengine na kuyabeba mgongoni popote waendako. Ukiwagusa hujivuta ndani, na kombe huwa kombe tu.

"Haidhuru," alisema Miraji. "Yachemshe, watoke, uyasafishe. Ndivyo inavyofanywa."

Tuhfa akapeleka sufuria jikoni.

"Unakwenda wapi na mkaa wangu?" aliuliza mama yake.

"Baba kasema nichemshe maduka."

"Mkaa umebaki wa wali wa leo na wa chai ya kesho. Maduka ya Ernesti akayachemshe Ernesti."

"Mama, ni kazi ya baba."

"Ni kazi ya kutuhamisha. Mkaa wangu hautanihamisha."

Hapo msichana mwingine angemrudia baba yake akamweleza ukweli. Tuhfa alitafakari kwa kina, kama alivyofundishwa shuleni. Aliona kwamba kueleza ukweli kungeleta ugomvi kati ya wazazi, na ugomvi kati ya wazazi ni jambo baya, kwa hiyo, kwa ajili ya amani ya familia, akayafukia makombe kwenye mchanga mkavu nyuma ya nyumba, akitumaini kwamba kaa wenyewe wangefikiria kufa. Alipoyafukua yote yalikuwa kimya. Akayatikisa. Akayanusa. Yalinuka bahari, lakini Tanga nzima inanuka bahari.

"Umechemsha?" baba yake aliuliza.

"Yametulia kabisa, baba," alijibu Tuhfa, na neno kwa neno halikuwa uongo.

Miraji akayabandika kwa gundi yake, uji mzito wa unga wa muhogo. Asubuhi ya Alhamisi safu ya maduka iling'aa kama meno ya mtu tajiri. Mwenyewe aliikagua mara ya mwisho: maegesho yalikuwa matupu, yamesawazishwa, na ile nyumba iko rafuni. Akaenda kuazima mkokoteni kwa Sele.

Aliporudi akamkuta mkewe amekwisha kukifunika kijimji kwa shuka, akikaza fundo la mwisho.

"Leo umekigusa," alisema, akishangaa.

"Nimefunika. Njiani kuna vumbi." Hakumtazama. "Usilifungue hilo fundo mpaka ufike."

*

"Fundi, wewe pitia nyuma," alisema Ernesti mlangoni mwa ukumbi.

Mkokoteni ukapitia nyuma, karibu na choo. Mbele palikuwa na viti vya wageni, meza yenye kitambaa, na soda, kila chupa na kifuniko chake, zimepangwa kama gwaride. Miraji na binti yake hawakupewa kiti. Walisimama ukutani, Tuhfa ndani ya sare yake ya shule, kwa kuwa ndiyo nguo pekee isiyokuwa na kiraka. Karani mmoja alileta soda, akahesabu vichwa kwa macho, akawaruka wawili wa ukutani bila hata kusita.

Bwana Tadeo alikuwa mtu mfupi mwenye miwani minene, aliyesikiliza kila jambo kama anayesubiri lifike mwisho. Ernesti akafungua fundo yeye mwenyewe, akavuta shuka kwa mbwembwe, na wageni wakasema "Aaa!"

Miraji akanyoosha shingo. Katikati ya maegesho palisimama nyumba ndogo. Mlango wake ulifunguka nje. Ua wake wa choo ulikuwa mahali pake. Na mbele yake, kitu ambacho yeye hakukifanya: vijiti viwili, uzi, na juu ya uzi nguo ndogo imeanikwa.

Akamgeukia Tuhfa kwa jicho la kuchinja. Tuhfa akatikisa kichwa. Akalikaza jicho. Tuhfa akaweka mkono kifuani akaapa kwa midomo bila sauti, na jambo la kutisha ni kwamba, kwa mara ya kwanza wiki ile, alikuwa anasema kweli.

Ernesti hakuona. Alikuwa amekipa kijimji mgongo ili awatazame wageni, na fimbo yake ilielekeza kwa kukisia. "Waheshimiwa, eneo hili la nyuma lilikuwa tupu. Hakuna mtu, hakuna mali, hakuna usumbufu. Tutaweka maegesho." Akaendelea. Alizungumzia maendeleo, akazungumzia uhuru wa biashara, akarudi kwenye maendeleo. Ukumbi ukatulia, ukaingia joto, na mtu mmoja nyuma akaanza kukoroma kwa nidhamu.

Kaa hupenda utulivu. Pia hupenda muhogo. Tangu alfajiri walikuwa wakila taratibu ile gundi chini yao, na sasa walikuwa wameshiba.

Duka la kwanza likatikisika. Likainuka kidogo, likachungulia, likaanza safari kuelekea msikitini.

"Maduka haya," alisema Ernesti, "yatakuwa imara kwa miaka mia."

"Bwana Ernesti," alisema Bwana Tadeo kwa upole, "duka lako linakwenda wapi?"

Ernesti akageuka. Duka la pili lilikuwa linavuka barabara. La tatu liligongana na kisima, likarudi nyuma, likazunguka. Kisha kama vile mtu amepiga kengele, safu nzima ikaondoka, mengine baharini, mengine Mabawa, mawili yakipigania kivuli cha mkungu. Aliyekuwa akikoroma akaamka, akaona, akafumba macho tena na kuanza kuomba. Duka moja likafika ukingoni, likatafakari, likaanguka kwenye paja la mkuu wa fedha, naye akapiga ukelele ambao haukulingana na cheo chake.

"Fundi!" Ernesti alifoka. "Nini hiki?"

"Wamekula gundi, bwana," alisema Miraji.

Kicheko kilichofuata kilimaliza itifaki. Hata karani aliyegawa soda alijishika tumbo. Bwana Tadeo alikuwa amepiga magoti sakafuni akilifukuza duka lililoanguka. Alilikamata, akainuka nalo taratibu, na macho yake yalipofika usawa wa meza yakasimama kwenye maegesho.

"Na hii?" aliuliza. "Hii mbona haiendi popote?"

"Takataka tu hiyo, mheshimiwa. Fundi kasahau." Ernesti akanyoosha mkono kuiondoa.

"Usiguse!"

Sauti ile ilitoka ukutani. Miraji mwenyewe alitazama huku na huku kumtafuta aliyesema. Kisha akaiona kofia yake imekunjwa mkononi kama kitambaa cha kufutia meza, akaivaa.

"Hapo ni kwangu," alisema.

"Kwako vipi?" aliuliza Bwana Tadeo.

"Naishi humo. Mimi, mke wangu na huyu binti. Mlango unafunguka nje kwa sababu ndani hakuna nafasi ya kufungukia. Bati linavuja upande huu, ndiyo maana gome nimelipandisha hivi."

"Bwana Ernesti anasema hakuna mtu."

"Bwana Ernesti aliishia kwenye baraza ya jirani. Kulikuwa na tope." Akaikaza kofia kichwani. "Nilimwambia. Akasema nimalize kazi."

Ukumbi ukawa kimya kiasi cha kusikika maduka yakitembea. Bwana Tadeo aliinama, akavua miwani, akaitazama ile nguo kwenye uzi. Ilikuwa kanga ya kweli, nyekundu, nyeusi na nyeupe, kipande kidogo kuliko stempu.

"Ni mbali?" aliuliza.

"Kwa miguu hufiki hata kuchoka."

"Basi twende kwa miguu."

*

Msafara ulioingia kichochoroni siku ile haujapata kuonekana tena. Mbele Bwana Tadeo, suruali imekunjwa. Nyuma yake Miraji, kisha wakuu kwa vyeo vyao, wakirukaruka. Mwisho kabisa Ernesti, ambaye viatu vyake vyeupe vilikutana na tope kwa mara ya kwanza, nalo likavipokea kama ndugu waliopotea. Sele alitoka barazani kuona, akamvuta mbuzi wake pembeni ili apishe serikali.

Waliupita mkungu. Nyumba ilikuwepo. Bati lilikuwa na kutu, ua wa choo ulikuwa wa makuti, kuku walikuwa wanakula maganda. Bi Asmahani alikuwa kwenye mbuzi, anakuna nazi. Alipowaona wote wale wamejaa uani kwake, alijifunga kanga yake vizuri, akainuka.

"Karibuni maegesho," alisema.

Hakuna aliyecheka. Bwana Tadeo aliitikia "Starehe, mama," kwa sauti ndogo, akatazama huku na huku, mpaka macho yake yakafika kwenye kamba ya nguo. Kisutu kilikuwa kimeanikwa katikati, safi, kimenyooka. Kona yake moja haikuwepo. Ilikatwa kwa mkasi, mraba mdogo.

Bwana Tadeo aliisogelea kona ile, akaishika kwa vidole viwili. Kisha akamgeukia afisa wake wa mipango.

"Hapa ndipo patupu?"

Ernesti akatazama viatu vyake.

"Utachora upya," alisema Bwana Tadeo. "Na ukichora, kila penye mstari upite kwanza kwa miguu. Malori yatalala nyuma ya maghala." Akamrudishia Miraji lile duka alilolikamata, ambalo muda wote lilikuwa ndani ya ngumi yake, likijaribu kutoka kati ya vidole.

Kazi ya ofisini Miraji hakuipata, wala hakuiulizia tena. Ernesti alipokutana naye mjini alianza kuvuka barabara, ingawa barabara nyingine zilikuwa na tope. Tuhfa alihukumiwa kuyarudisha maduka yote baharini kwa miguu yake mwenyewe, akaenda akiwa na adabu nyingi.

Walipobaki wawili, Miraji alikwenda kwenye kamba, akakishika kisutu penye pengo.

"Mama Tuhfa. Hii kona imekwenda wapi?"

"Panya," alisema Bi Asmahani, akikuna nazi.

"Panya anakata mraba?"

"Panya wa siku hizi wamesoma."

Miraji akasimama hapo, kitambaa mkononi. Akakinyoosha kisutu kwenye kamba kwa uangalifu, akaangalia kama mikono yake ina mafuta, akaanza kukikunja pindo pale palipokatwa ili uzi usije ukafumuka.

"Unakikunja vibaya," alisema mkewe. "Lete huku."